Namba Moja, Mgonjwa Mmoja

Mtaalamu wa kompyuta alikuwa amelala kifudifudi kando ya meza yake, kisogo kimepasuka. Karibu naye ilikuwapo spana ya kufungulia mitungi ya oksijeni, imelowa damu.

"Pasiguswe kitu," Inspekta alisema ndani ya barakoa.

Zamani hospitali hii ilipokea wagonjwa kwa kadi na foleni. Homa ya mapafu ilipoingia mjini, kila kitu kilihamia kwenye simu ndani ya wiki moja, kwa mfumo alioutengeneza marehemu huyu. Bila namba iliyosajiliwa, geti halifunguki. Waliohubiri kwamba haraka haraka haina baraka waliambiwa wafunge midomo, watu wanakufa.

Kompyuta ilikuwa bado inawaka. Inspekta akasoma: *Mgonjwa huyu amekwisha kupewa kitanda.* Chini yake palikuwa na namba ya simu.

Akaipiga.

Simu ikaita pale pale mlangoni, mfukoni mwa mhudumu wa oksijeni, ambaye hospitali nzima ilimwita Mzee Mitungi. Dakika chache tu zilizopita walikuwa wamesalimiana.

"Namba hii ni yako, mzee wangu?"

"Ya nyumbani. Simu tunayo moja."

"Aliyepewa kitanda ni nani?"

"Binti yangu. Juzi."

"Na leo?"

"Leo kaja mama yangu, pumzi zinamwishia. Mlinzi akaingiza namba, mashine ikasema yuko wodini tayari. Akamrudisha. Kafia nje ya geti, Afande! Na mimi niko humu humu nasukuma mitungi ya watu, sina habari."

"Ukaja hapa."

"Nilitaka huyu mtaalamu anionyeshe. Akanionyesha. Nikamwambia, huyo ni mjukuu, siye bibi. Akacheka. Eti, 'Namba moja, mgonjwa mmoja. Siku hizi nani hana simu yake?'"

"Ukampiga."

"Nilimpiga. Sikatai."

Huruma ilimpanda Inspekta, akaikasirikia, maana marehemu naye alikuwa mtoto wa mtu. Akamtia mzee pingu.

"Afande." Sasa ndipo sauti ya mzee ilipotetemeka. "Mtungi wa binti yangu unakaribia kwisha. Wenzangu wote wanaumwa, zamu niko peke yangu. Hakuna mwingine wa kuubadilisha."

Askari walitazamana. Inspekta alikuwa amekwisha kushika ufunguo.

"Wodi ipi?" aliuliza, huku akizifungua pingu. "Twende. Kimbia, mzee, kimbia!"