Baba Aliniua Mbele ya Mfalme Makaa

Shoka lilinipata mgongoni.

Nikageuka kuangalia ni nani... nikaona ni baba yangu mzazi!

"Baba! Unafanya nini?"

"Tulia mama! Namaliza kazi hapa!"

Akainua tena. Safari hii likanipata kifuani. Nikarudi nyuma hatua moja, mbili... ya tatu haikukuta ardhi. Chini yangu lava ilikuwa inachemka kama uji uliosahauliwa jikoni.

"Baba!"

Nikaanguka. Kabla skrini haijawa nyeusi nilimsikia masikioni mwangu akicheka kwa furaha.

"Tumemaliza! Tumemalizaaa!"

Jamani, kabla hamjakimbilia polisi, huu ulikuwa mchezo. Gemu. Mimi mzima wa afya, nimekaa hapa na cherehani yangu. Ila msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu nina ombi.

Mimi ni mshonaji wa sare. Baba yangu ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, na watu wote wa kwao wanamwita Fundi Cheche. Kutoka kwangu mpaka kwake ni saa sita kwenye basi.

Mama alipofariki, mimi na baba tuliishiwa maneno. Si kwamba tuligombana, hapana. Mama ndiye alikuwa anatuongelesha. Alipoondoka, nikimpigia baba simu tunaulizana hali, tunaulizana mvua, halafu kila mtu anasikiliza mwenzake anavyopumua.

"Haya mama."

"Haya baba."

Basi.

Siku moja nikamnunulia mashine ya gemu na pedi yake ya kuchezea. Nilifanya mzaha tu! Mzee wa miaka sitini na moja, mikono imejaa makovu ya moto, atacheza nini?

Weee! Mzee alinogewa!

Tukaanza kucheza pamoja, kila Jumapili saa kumi jioni, yeye kwake mimi kwangu, tunaongea huku tunapigana na mazimwi. Na humo ndimo baba alirudi kuwa baba. Tukiwa tunakimbizwa na jitu lenye vichwa viwili ndipo aliponisimulia alivyomtongoza mama. Tukiwa tunasubiri daraja lishuke ndipo nilipomwambia nimeachwa na mchumba.

"Huyo mchumba ana akili kweli?" akauliza.

"Sijui baba."

"Hana. Piga huyo zimwi wa kushoto."

Miaka minne tulicheza hivyo. Niliyemjenga kwenye mchezo ni shujaa mmoja mwanamke mwenye upinde, amevaa chuma kuanzia utosini mpaka unyayoni. Nilimjenga Jumapili kwa Jumapili.

Sasa, kwenye ule mchezo kuna sehemu moja inaitwa Tanuru. Ni mapango yaliyo ndani ya mlima wa volkano, na humo kuna mabosi watatu. Sheria yake ni mbaya. Kwingine kote ukifa unafufuka, lakini ukifia ndani ya Tanuru mchezaji wako anafutwa kabisa, na kila ulichokusanya. Na anayempiga bosi wa mwisho ndiye anayevikwa taji, na taji ni moja tu.

Wiki moja kabla ya kuingia, baba alinitania.

"Lile taji nalitaka mimi. Wewe bado kijana, utapata mengine."

Nikacheka. Utani wa mzee.

Ile Jumapili niliirusha mubashara kwenye kundi letu la wachezaji. Watu arobaini na tatu wanaangalia! Bosi wa kwanza anaitwa Bibi Majivu, anakupulizia vumbi mpaka huoni mbele. Baba alimtwanga dakika tatu. Wa pili ni Nyundo Mbili, jitu la mawe, huyo alitutoa jasho saa nzima. Alipodondoka aliacha viatu vya ngozi, vyepesi, vinavyokufanya utembee bila kishindo.

Nikavivaa papo hapo. Sikumwambia baba, maana viatu ni viatu, nani anatangaza viatu?

Tukaingia kwa Mfalme Makaa. Mengine mmeshayajua.

Nilizima kila kitu. Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema. Nilipofungua simu, jamaa mmoja wa kundini tunayemwita Domo Kaya alikuwa ameshakata kipande cha video na kuandika juu yake: BABA MZAZI, TAJI KWANZA.

Watu wanacheka mpaka machozi! Mwingine anasema nikapime damu, huenda si baba yangu.

Simu ikaita. Baba.

Sikupokea.

Jumatatu akapiga mara mbili. Jumanne mara nne. Jumatano akapiga asubuhi, akapiga mchana, akaniachia na jumbe mbili za sauti. Sikuzisikiliza. Moyoni nilikuwa nasema, aombe msamaha mpaka achoke. Mtu niliyemwambia siri zangu zote ananiuza mbele za watu kwa taji la kwenye skrini, halafu anacheka!

Kuanzia Alhamisi hakupiga tena. Hilo nalo likaniudhi. Nikasema kumbe hata kubembeleza hajui.

Siku zikaenda. Jumapili ya kwanza ilipofika saa kumi nilikaa na kushona kola, sindano ikanichoma mara tatu. Jumapili ya pili na ya tatu hivyohivyo. Nilimkumbuka, lakini nani aanze? Kiburi kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya ishirini na nne akanipigia shangazi. Shangazi yangu hapigi simu hovyo. Akipiga, kaa chini.

"Shikamoo shangazi."

"Sitaki shikamoo yako! Wewe mtoto una moyo gani?"

"Nimefanya nini?"

"Baba yako nimemkuta sokoni anapapasa ukuta. Nimesimama mbele yake, kaka yangu wa tumbo moja, ananiuliza mimi ni nani!"

Nikaacha kushona.

"Anaumwa nini?"

"Macho! Presha ya macho! Mwaka wa pili sasa, kamficha kila mtu. Hospitali walimpangia upasuaji kuokoa kilichobaki, wakamwambia aje na ndugu wa kumshika mkono. Akawaambia binti yangu atakuja. Hukutokea, wakamrudisha nyumbani. Ulikuwa wapi?"

"Upasuaji ulikuwa lini?"

"Alhamisi ile ya mwanzo wa mwezi."

Jamani.

Alhamisi ile.

Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye basi. Nikatoa simu, nikafungua zile jumbe za sauti. Ya kwanza alikuwa anakohoa kidogo, halafu akasema:

"Mama, pole kwa ile Jumapili. Najua umekasirika. Sikukuwahi."

Sikuielewa. Nikafungua ya pili.

"Mama, Alhamisi saa mbili asubuhi nina kijishughuli hospitali. Si kitu kikubwa. Wanataka tu mtu wa kunisindikiza, ndiyo utaratibu wao. Kama una kazi nyingi, usijali. Haya mama."

Dada mmoja, abiria niliyekaa naye, akanipa kitambaa chake bila kuniuliza kitu.

Nilimkuta baba kwenye karakana yake. Mashine ya kuchomelea imefunikwa turubai. Amekaa kwenye stuli, mbele yake makopo manne, anachagua nati kwa vidole, kubwa huku, ndogo kule. Nilisimama mlangoni nikimtazama.

Baadaye akainua uso. Akauelekeza upande ambao sipo.

"Nani hapo? Kama ni geti la shule, bado. Nitawatafutia fundi mwingine."

"Baba."

Nati zikamponyoka, zikatawanyika sakafuni.

"Mama? Ni wewe? Mbona sijakusikia ukiingia?"

Nilimkumbatia. Alikuwa amekonda. Alinipapasa uso kuanzia paji mpaka kidevu, kisha akacheka.

"Umenenepa."

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema baba pumzika, acha gemu. Si ungesema hivyo?"

Ningesema hivyohivyo.

"Halafu tungerudi kwenye habari za mvua," akasema. "Nilikuwa naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Katundu kadogo. Lakini nilikuwa naweza, mama! Kule nilikuwa natumia masikio."

"Masikio vipi?"

Akachangamka, mnajua mzee akipata nafasi ya kueleza ufundi wake.

"Kila zimwi lina sauti yake. Bibi Majivu anapiga chafya kabla hajapuliza. Nyundo Mbili anasaga meno. Na wewe nilikuwa nakujua kwa viatu vyako vya chuma, ka-ka-ka-ka. Nikisikia hivyo najua mwanangu yuko kulia, sipigi kulia."

Nikasogea karibu yake.

"Na Mfalme Makaa?"

"Yule hana kishindo. Ndiyo ubaya wake. Kwa hiyo nikajiwekea sheria, chochote kitakachonisogelea kimyakimya, hicho ni yeye. Nikapiga. Nilimpiga mbili nzito, nikamwona ameyumba! Ya tatu ikammaliza."

Nilijishika mdomo kwa mikono miwili.

Mbili nzito zilikuwa zangu. Nilivaa vile viatu vya ngozi bila kumwambia, na baba akafuata sheria yake.

Hakujua! Mpaka dakika ile baba yangu alikuwa hajui. Alipopiga kelele tumemaliza, alidhani nimesimama pembeni yake.

"Kitu kimoja tu kinaniuma," akaendelea, sauti imeshuka. "Nilikusikia unaniita. Nikajua amekushika. Nikasema ngoja nimmalize haraka nikuokoe. Kumbe ameshakutupa. Alikupiga na nini yule, mama?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipopimwa. Nilimwangalia yale macho, yamefunguka kabisa na hayaoni kitu.

"Upanga, baba. Upanga wa moto."

"Nilijua. Sikukuwahi."

"Hata mimi sikukuwahi, baba."

Akaelewa ninasema habari ya hospitali.

"Ile wiki simu yako ilikuwa mbovu, eti? Mitandao siku hizi haieleweki."

Alikuwa ananifungulia mlango nitokee. Ningesema ndiyo, yangeisha pale.

"Simu ilikuwa nzima, baba. Nilikuwa naiona ikiita."

Aliinama akaanza kuokota nati kwa kupapasa. Nikapiga magoti nikamsaidia. Tuliokota mpaka sakafu ikaisha.

Siku iliyofuata nilimpeleka hospitali. Daktari alimulika, akamulika tena, akazima taa yake. Akanitoa nje ya chumba. Akaniambia hawezi kuapa kwamba upasuaji wa Alhamisi ile ungeokoa macho, ila ungekuwa na nafasi nzuri. Sasa hakuna cha kupasua, mshipa wa macho umeshakufa.

Nikamwuliza kama wiki tatu zina uzito.

"Kwa presha aliyokuwa nayo, hata siku tatu zina uzito," akasema.

Nimehamisha cherehani. Sasa nashonea kwenye karakana ya baba, yeye anachagua vifungo badala ya nati. Tunaongea siku hizi, tena sana, hatuhitaji zimwi. Lakini kuna jioni anageuza uso dirishani, ananiuliza kama jua limeshazama.

Hasira hasara, tumeimbiwa tangu tuko shule ya msingi, na wengi tunalijua hilo kwa mdomo tu. Mimi nimelilipia kwa macho ya mtu mwingine. Kama kuna mtu unamnunia leo, pokea simu yake. Mgombeze ukitaka, mtukane ukiweza, lakini pokea. Hujui anapiga kwa lipi.

Na sasa ombi langu.

Haya nimeyaandika, sikuyarekodi kwa sauti, kwa sababu baba hawezi kusoma. Ile video ya BABA MZAZI, TAJI KWANZA bado inazunguka, jana nimeiona kwenye kundi la watu nisiowajua hata mmoja. Kama unayo, tafadhali ifute. Usiitume, hata kama inachekesha. Majirani zetu wana simu, na vijana hupita hapa karakanani wakicheza video kwa sauti kubwa.

Kwenye ile video nasikika nikiita baba, kisha shoka, kisha naita tena, na hakuna upanga popote. Akiisikia mara moja tu, ataelewa yote.