Meza ya Ramani

Kisa hiki alinisimulia fundi mwenyewe mwaka jana, mvua zikiishia, alipokuwa akinishonea kitabu changu kilichoachana kurasa. Naye kazi yake ni hiyo, kujalidi vitabu. Majirani zangu, nawapeni kama nilivyopewa.

Fundi na mkewe walikaa vyumba viwili, meza moja, dirisha moja la barabarani. Kila jioni walikula pamoja, mke akimtania, "Baba watoto, taratibu na hiyo sahani, itakuganda! Vidole vyote gundi."

Siku moja fundi akanunua ramani ya mji wao, ya zaidi ya miaka mia moja na thelathini, yenye kila kichochoro na kila kisima. Akaitandaza mezani. Basi meza ikawa ya ramani, na mke akawa anakula jikoni, sahani magotini. Dirisha nalo likafungwa, jua lisije likafifisha wino.

"Baba watoto, tumekuwa popo?"

"Sogea kidogo, mama. Pumzi yako ina unyevu."

"Pumzi nayo kosa! Basi niache kupumua."

Akacheka peke yake. Wenzangu, mnaujua upweke wa kuishi na mtu asiyeinua macho?

Adhuhuri moja sufuria ikaanguka jikoni. Fundi akamkuta mkewe sakafuni, mdomo umekwenda upande. Akapiga simu, gari la wagonjwa likatumwa. Dereva akampigia kumuuliza njia. Kwa kiwewe, kidole cha fundi kikaenda kilipozoea, kwenye ramani.

"Ingia Njia ya Wasuka Kamba, ukifika Kisima cha Farasi kata kulia."

"Mzee, kisima gani? Mbele yangu kuna kituo cha mafuta!"

"Kipo! Nakiona!"

Dereva alizunguka nusu saa nzima, mpaka fundi alipopata akili akakimbilia barabarani kumpungia mkono.

Mke alipona roho, ila upande mmoja ulilala na ulimi ukawa mzito. Binti yao akaja kumchukua amuuguze. Mlangoni akasema, "Baba, miaka sita nimehamia kule, hujakanyaga kwangu. Hata njia huijui."

Kweli hakuijua. Aliitafuta kwenye ramani, akakuta upande ule wa mji pamechorwa kinamasi kitupu. Akapiga simu.

"Nielekeze, mwanangu."

Binti akamwelekeza: kituo cha mafuta, kushoto, nyumba ya tatu, mlango wa kijani. Fundi akachukua kalamu ya wino, akachora yote juu ya kinamasi kile.

"Nije leo?"

"Leo mama ameshalala. Njoo kesho, baba."

FUNZO

Vitu vya kale ni vizuri, sikatai. Lakini mtu anayechunga karatasi isififie huku mwenzake anafifia ubavuni, amechunga nini? Kama una mtu jikoni, mwite mezani leo.

Na fundi, jioni ile alifungua dirisha, akaweka sahani mbili juu ya ramani, akala moja. Akaitazama ile ya pili mpaka usingizi ukamchukua kitini.