Dirisha Lililofungwa kwa Aibu

Florent Habarurema alikuwa mfuaji na mpiga pasi hapa Goma, katika miaka ile ya hamsini ambapo Wazungu walivaa suti za sufu. Sufu huharibika katika maji ya moto. Kwa hiyo Florent aliondoa madoa kwa dawa kali ya kopo, yenye harufu tamu na yenye kukauka upesi. Alifanya kazi hiyo katika chumba kidogo kando ya jiko, ameketi sakafuni juu ya mkeka.

Mwaka mmoja alianza kuchoka. Chakula kilimchukiza. Alipotoka chumbani alipepesuka. Mwishowe weupe wa macho yake ukageuka manjano.

Mkewe Mukakalisa, ambaye majirani walimwita Mama Laurence kwa jina la binti yao, aliona haya.

"Papa Laurence, unakunywa wapi?"

"Miye? Hata tone sijaonja."

"Basi ni uji ndio unakuyumbisha?"

Florent akarudi chumbani kwake. Mukakalisa akaenda soko la Kituku kununua samaki, na huko akawalilia wanawake wenzake kwamba mumewe anajificha na chupa. Maneno hayo hayakukawia kufika mtaani. Vijana wakaanza kumsalimu Florent kwa jina la pombe ya ndizi: "Bonjour, Papa Kasiksi!"

Florent akafunga dirisha ili mtu asione macho yake. Akaziba chini ya mlango kwa gunia. Akakaa humo kutwa nzima na dawa yake, na ugonjwa ukazidi.

Ndipo ikaja habari kwamba wazee wa mchumba wa Laurence watafika Jumapili kuomba binti. Mukakalisa akaingiwa na hofu. Nani ataoa katika nyumba ya mlevi? Akamkimbilia Célestin, muuguzi wa dispensari.

"Infirmier, njoo umukaripie bwana yangu. Ataharibia mutoto ndoa."

Célestin aliingia chumbani na maneno makali tayari mdomoni. Kabla hajayasema, alikohoa, na kichwa chake kikazunguka. Akasukuma dirisha, akamvuta Florent nje kwa mkono.

"Kwa nini umefunga?"

"Batu banacheka macho yangu."

Célestin alilitazama lile kopo kupitia dirishani, kisha akainamisha uso. "Na miye nimekuja kukutukana. Unisamehe, muzee. Hii si pombe. Ni dawa ya madoa."

"Lakini siinywi!"

"Unaivuta. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini, pale pale unapoketi. Unaingia kifuani, unaingia katika damu. Dawa yenyewe inapita hata katika ngozi ya mikono. Ini ndilo linapambana na sumu ya mwili. Kila siku unaliongezea nyingine, kabla halijamaliza ya jana."

"Nitapona?"

"Ukiiacha kabisa sasa, ini linaweza kupona. Kesho uje dispensari, daktari akuone. Na pombe usiguse hata kidogo. Pombe na mvuke huu pamoja vinaua."

Florent akacheka kwa uchungu. "Jumapili wakwe wataleta mtungi wa pombe. Nikikataa, watasema mulevi anajificha."

Célestin akamtazama Mukakalisa, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mukakalisa hakuinua macho.

Jumapili wageni walifika, wakiongozwa na mzee Ntirenganya, babu wa mchumba. Mtungi ukawekwa katikati. Florent alipopewa mrija wa kunywea, akaurudisha kwa mikono miwili. Wageni wakatazamana. Mgeni mmoja alianza kutabasamu.

Mukakalisa akapiga magoti mbele ya wote. 

"Wazee, bwana yangu haiko mulevi. Mulevi ni ulimi yangu. Kazi ndiyo inamugonjesha ini, na miye nilimuuza Kituku kama samaki."

Laurence alijifunika uso. Hakuna aliyemsaidia mama yake kusimama.

Kisha mzee Ntirenganya akasema, "Nimezeeka katika Kivu hii. Mulevi wa kukataa mtungi sijamuona bado. Mama, simama. Papa huyu apewe maziwa. Tuendelee na habari ya mutoto."

Florent aliacha kazi, akapumzika, akafuata maneno ya daktari. Macho yake yakarudia weupe polepole. Aliporudi kazini, alifua sufu kwa sabuni na maji baridi. Koti lililohitaji dawa ile alilikataa, akamweleza mwenye koti sababu yake. Kopo likaondolewa nyumbani.

Laurence aliolewa kwa heshima. Lakini Mukakalisa alirudi Kituku mara nyingi kuwatafuta wale aliowaambia uongo, mmoja mmoja, kuwaambia kweli. Wengine walimsikiliza. Wengine walimcheka, naye akasimama pale pale, akangoja wamalize kucheka, kisha akaanza kueleza upya.