Jani la Kijani kwenye Chupa

Binti yangu Maryse ni mnunuzi katika kampuni ya kutengeneza madirisha, hapa mjini Trois-Rivières, penye baridi kali na theluji. Karatasi, taa, sabuni, vyote hupitia idara yake. Jioni hurudi amechoka, huketi na koti lake mwilini, huuliza kuna chakula gani, wala hasikilizi jibu.

Siku moja ya Februari hakuuliza hata chakula.

"Mkaguzi wa mazingira amekuja leo," alisema. "Ametupa mwezi mmoja. Tusipojirekebisha, tunanyang'anywa hati ya kutunza mazingira. Na yule mteja wetu mkubwa hanunui madirisha kwa kampuni isiyo na hati."

"Mmekosea nini?"

"Sabuni, Mama. Sabuni ya sakafu! Na mimi ndiye niliyeinunua."

Akaniwekea chupa mezani. Ilikuwa na picha ya jani la kijani na maneno "Rafiki wa Mazingira". Mimi niliiona nzuri tu.

Kesho yake jirani yetu Huguette alipita. Alikuwa mnunuzi wa hospitali mpaka alipostaafu. Alivua mabuti mlangoni, akaingia na soksi kama kila mtu. Akaigeuza ile chupa.

"Nani kasema ni rafiki?"

"Si imeandikwa?" Maryse alijibu.

"Kaandika muuzaji! Hata mimi naweza kujiandika msichana wa miaka ishirini."

Maryse alicheka kwa uchovu.

Huguette akamweleza polepole. Alama ya kweli haitolewi na muuzaji. Hutolewa na shirika lisilouza sabuni, baada ya kuipima. Jina la shirika huwa kwenye chupa, pamoja na namba ya cheti. Mnunuzi huitafuta namba hiyo kwa shirika lenyewe. Asipoiona, hanunui.

"Basi kesho naagiza yenye alama. Hii yote naitupa."

"Utaitupa wapi, mtoni? Chupa zisizofunguliwa mrudishie muuzaji. Kwanza niambie, sabuni yote hiyo ya nini?"

"Chumvi," Maryse alijibu. "Wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Watu wanaingia nayo kwenye mabuti, sakafu inakuwa nyeupe. Wasafishaji wanasugua mchana kutwa."

"Wanaingia ofisini na mabuti?"

"Ndiyo."

"Ningeingia hivyo hapa kwenu?"

"Mama angekufukuza."

"Kwani kule kazini hakuna mama?"

Maryse aliyatazama mabuti ya Huguette pale mlangoni.

"Kabla hujauliza ununue ipi," Huguette alisema, "uliza kwanza unahitaji kiasi gani."

Bosi wa Maryse, Normand, hakutaka kusikia habari ya kuvua mabuti.

"Nipokee wateja na soksi? Wakione kidole changu kinavyochungulia?"

"Lete viatu vya ndani, bosi. Au nunua soksi."

Alikubali kwa kununa. Maryse akaweka trei za kuwekea mabuti mlangoni, na kila asubuhi akasimama hapo kabla ya kazi yake kuanza. Wenzake walimwita polisi wa mabuti. Wengine walipitia mlango wa nyuma. Akaweka trei na huko.

Muuzaji naye alisumbua. Alipigiwa simu, akapigiwa tena, ndipo akachukua katoni zilizofungwa. Chupa zilizofunguliwa zilipelekwa kituo cha taka zenye sumu. Kisha Maryse akaagiza sabuni yenye alama, tena kidogo, baada ya kuihakiki namba yake.

Mkaguzi aliporudi, aliitafuta namba kwenye simu yake, akaiona. Akafungua stoo.

"Mbona sabuni yenu ni kidogo hivi?"

"Chumvi inabaki mlangoni," Maryse alimwambia. Mkaguzi akaenda kuziangalia zile trei, akatikisa kichwa kukubali.

"Hati imebaki," Maryse aliniambia jioni ile. "Wasafishaji sasa wanapata hata muda wa kunywa kahawa. Kesho tunaanza kukagua karatasi tunazonunua."

Nikageuka kumpakulia supu ya njegere. Niliporudi na bakuli, alikuwa amelala mezani, kijiko mkononi. Sikumwamsha.