Kiraka kwenye Unyayo

Fundi viatu huyu watu walimwita Gundi. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, mlango ukitazama barabara. Kila asubuhi alimeza vidonge vyake vya kisukari, akavaa viatu, akakaa kwenye kigoda. Ugonjwa huo alikuwa nao kwa miaka kumi na mmoja.

Siku moja mkewe alikuwa anapiga deki. Akaona alama nyekundu sakafuni, moja baada ya nyingine, hadi kwenye kigoda.

"Baba watoto, umechinja nini humu?"

"Itakuwa rangi ya viatu hiyo."

"Rangi gani inanuka hivi? Hebu vua kiatu."

Gundi akavua. Chini ya kidole gumba cha mguu palikuwa na kipande cha ngozi ya kiatu, kimebandikwa vizuri, damu ikivuja pembeni yake.

"Na hiki nini?"

"Kiraka. Juzi niliona katundu kadogo. Nikapangusa, nikapaka gundi, nikabandika."

"Makubwa! Kwani mguu wako ni ndala?"

"Hapaumi hata kidogo. Kidonda gani hakiumi? Usinitie wasiwasi bure."

Mke akaingiza mkono ndani ya kiatu. Akautoa haraka. Ncha ya msumari ilikuwa imetokeza kwenye soli.

"Huu umeukanyaga siku ngapi?"

Gundi hakujua. Mkewe hakubishana naye tena. Alikwenda nyumba ya pili, akamwita jirani yao muuguzi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeletwa kunitisha?"

"Nimeletwa kukugusa tu. Fumba macho. Kila nikikugusa kidole cha mguu, sema 'hapo'."

Gundi akafumba macho. Kwa ncha ya kidole chake, muuguzi akagusa polepole vidole vitatu vya mguu wa kulia, kisha vitatu vya mguu wa kushoto.

"Anza basi," Gundi akasema. "Nina viatu vya watu hapa."

"Nimemaliza, mzee."

Gundi akafumbua macho, akamgeukia mkewe.

"Kweli," mkewe akasema. "Amekugusa mara sita."

Utani ukamwisha Gundi.

"Sukari ikikaa juu miaka mingi, inaharibu mishipa ya fahamu," muuguzi akaeleza. "Hiyo ndiyo inayokuambia kwamba umeumia. Mara nyingi huanza kufa ganzi miguuni. Damu nayo haifiki vizuri huko, kwa hiyo kidonda kinachelewa kupona. Uchafu ukifika kwenye mfupa, mtu anaweza kukatwa mguu. Na wewe umeufungia uchafu huo ndani kwa gundi."

"Nikibandue?"

"Usikiguse. Twende hospitali."

"Kesho asubuhi. Nimalizie hivi viwili tu."

"Leo, mzee. Na huendi kwa miguu. Tunaita gari."

Mkewe alikuwa ameshafunga mlango wa chumba cha kazi.

Hospitalini daktari alitoa kiraka, akasafisha kidonda na kuagiza picha ya mfupa. Mfupa ulikuwa mzima. Sukari ilikuwa juu sana. Gundi alimeza vidonge kila siku, lakini hakuwa amepimwa kwa miaka miwili. Daktari alimbadilishia dawa, akamkataza kukanyagia mguu ule. Kidonda kilichukua wiki tisa kufunga.

Sasa hupimwa sukari kila anapopangiwa tarehe. Kila jioni huosha miguu, huikausha hadi katikati ya vidole, kisha huangalia nyayo kwa kioo. Hatembei peku, hata chumbani. Kabla ya kuvaa kiatu hupitisha mkono ndani.

"Nyayo zina kioo chake!" mkewe humtania. "Mimi uso wangu nautazama dirishani."

Miezi mitano baadaye, kioo kilimwonyesha lengelenge dogo kwenye kisigino. Asubuhi iliyofuata alikuwa hospitalini, wa kwanza kwenye foleni. Alimkuta jirani yake muuguzi akiwa zamu.

"Linauma?" muuguzi akauliza.

"Haliumi. Ndiyo maana nimekuja."

Lengelenge lilipona kwa siku nane.