Tyubu Kwenye Mpini wa Friji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye banda lake la kutengenezea baiskeli, Spoki alimtolea mama yake dawa kwenye friji. Ilikuwa dawa ya sindano, ya kisukari, isiyotaka joto. Kwa ajili ya dawa hiyo alinunua friji. Kwa ajili ya friji akanunua paneli za sola, betri na inveta. Tusimnyime sifa yake. Alimpenda mama yake.

Kosa lake lilikuwa jingine. Nyaya alizifunga mwenyewe.

"Mkono unaopanga spoki thelathini na sita utashindwa na nyaya tatu?" alimwambia mkewe siku hiyo.

Mbili alizifunga vizuri. Wa tatu ulikuwa na rangi ya kijani na njano. Aliugeuza huku na huku, akaona hauna kazi. Akaukata, akauzungushia tepu nyeusi. Taa ziliwaka, friji ikanguruma, na Spoki akatembea kifua mbele wiki nzima.

Baada ya miezi michache friji ilianza kutekenya. Ukiigusa bila viatu, vidole vinawashwa. Mkewe alilalamika.

"Ita fundi umeme, baba watoto."

"Fundi wa nini na mimi nipo?"

Alikata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, akakivalisha mpini wa mlango wa friji. Mpira haupitishi umeme, alisema, basi kila mtu ashike hapo tu. Ikawa sheria ya nyumba. Hata wageni walifundishwa. Watu walicheka, naye akacheka nao, maana aliona amewazidi mafundi wote akili.

Asubuhi moja mama yake alikuwa anapiga deki jikoni. Hakuwa na viatu, na sakafu ilikuwa chapachapa. Mgongo ulimuuma kidogo. Akaegemeza mkono kwenye ubavu wa friji ili apumzike.

Spoki alikuwa mlangoni akijaza upepo gurudumu. Alisikia ndoo ikipinduka. Alipoingia, mama yake alikuwa chini, mkono wa kulia umepinda kwenye kifundo cha mkono.

"Kuna kitu kilinikamata mkono," mama alisema. "Kimenikamata, kikanitupa."

Spoki aliitazama friji. Alijua pale pale. Lakini mkewe alikuwa ameshaingia, na majirani nyuma yake, na aibu ikamshika ulimi.

"Umeteleza, mama," alisema. "Ni kizunguzungu cha sukari."

Kwenye zahanati alisema hivyo hivyo. Muuguzi akaandika hivyo hivyo. Spoki alijiambia kwamba ni uongo mdogo, wa kupisha aibu. Jioni aliweka maboksi ubavuni mwa friji ili mtu asiiguse tena. Hilo ndilo alilofanya, maboksi.

Mkono ulifungwa plasta, ukaanza kupona. Mama ndiye hakupona. Alikuwa mtu wa kutembea. Zahanati alikwenda kwa miguu, sokoni kwa miguu, na njiani alisimama kugombana na kila muuza nyanya. Sasa alikaa kwenye kiti karibu na dirisha kutwa nzima. Akitaka kwenda msalani, alimwita mkwewe amshike.

"Miguu yangu imekwisha," aliwaambia wanaokuja kumjulia hali. "Inaniangusha bila hata kunipa taarifa."

Spoki alimnunulia mkongojo mzuri. Mama aliupokea kwa mkono wa kushoto.

"Mungu akubariki, mwanangu. Bila wewe ningekuwa wapi?"

Siku hiyo Spoki hakula. Alitaka kusema. Alifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili akauliza kama mama amekunywa chai.

Wiki ya sita mkewe aliingia na fundi umeme. Alikuwa dada mmoja aliyekuwa akifunga nyaya kwenye nyumba ya jirani.

"Sikukuuliza, najua," mkewe alimwambia. "Mtu havalishi friji maboksi bure."

Fundi aliona tyubu kwenye mpini. Wote hucheka wakiiona. Yeye hakucheka.

"Nani alifunga nyaya hizi?"

"Ni mimi, dada."

"Na huu wa kijani na njano ulikukosea nini?"

"Niliona hauna kazi."

"Kweli, siku nyingi hauna kazi. Kazi yake ni siku umeme unapovuja. Huu ni waya wa ardhi, kaka. Umeme ukigusa bati la friji, waya huu unaupeleka ardhini, na swichi ya usalama inakata. Usipokuwepo, umeme unangoja mtu. Akija mtu amekanyaga maji, unapita mwilini mwake."

Hakugusa kitu kabla ya kuzima. Alizima vyombo vyote, kisha inveta. Akakata swichi ya paneli, halafu ya betri.

"Jua likiwaka, paneli zina umeme hata kama inveta imelala," alisema. "Wengi husahau hapo."

Alipima kwa testa, ndipo akashika. Nyuma ya friji alikuta waya umechubuka na kugusa bati. Akaubadilisha. Kisha akahamia kwenye betri.

"Nyaya nyembamba hivi? Hizi hupata moto, na nyumba huungua. Na fyuzi iko wapi?"

Haikuwepo. Fundi aliweka nyaya nene, na fyuzi karibu kabisa na betri. Akafunga swichi ya usalama, ile inayokata umeme mara unapovuja, akaiunganisha kama kitabu cha inveta kinavyoelekeza. Kitabu chenyewe kilikuwa bado kwenye nailoni yake. Nje, Spoki aligongelea fimbo ya shaba ndefu kwenye udongo wenye unyevu, mpaka ikabaki ncha. Waya wa kijani na njano ulitoka kwenye fimbo hiyo ukaenda kwenye bati la inveta, kwenye fremu za paneli na kwenye kila soketi. Fundi aliwasha umeme, akapima tena. Alibonyeza kitufe cha kujaribia swichi, ikakata. Aliporidhika alivua ile tyubu, akamwekea Spoki kiganjani.

"Nani alipigwa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Spoki aligeuza macho kwenye mlango wa chumba cha mama yake.

"Mtu akipigwa na umeme, unazima kwanza, ndipo unamshika, la sivyo mnaanguka wawili. Halafu hospitali, na daktari aambiwe ni umeme. Moyo nao hupimwa. Mliwaambia?"

"Hapana."

"Basi kazi yangu nimemaliza. Yako bado."

Spoki aliingia chumbani, akachuchumaa mbele ya kiti cha mama yake. Hakuuliza habari ya chai.

"Mama, nisamehe. Siku ile hukuteleza. Friji ilikupiga shoti. Nilikata waya ambao ungekulinda. Nilijua tangu siku ile ile."

Mama aliutazama mkono wake wa kulia.

"Kwa hiyo kitu kilinikamata kweli."

"Ndiyo, mama."

"Na kizunguzungu?"

"Hakikuwepo."

"Wiki sita nashikwa mkono kwenda msalani." Sauti yake haikupanda. "Mkono uliovunjika ningekusamehe leo hii. Lakini ulinifanya niiogope miguu yangu mwenyewe, mwanangu."

Spoki alilia. Mama hakumnyamazisha. Alipochoka kumtazama, alijiinua polepole, akasimama bila kushika ukuta.

"Twende zahanati. Utasema wewe, kwa mdomo wako."

Alitembea mbele. Spoki alimfuata hatua mbili nyuma na mkongojo mkononi, na mama hakugeuka kuuomba. Alisimama mara moja kupumzika, akaendelea.

Muuguzi alishangaa kumwona mlangoni.

"Mama, umekuja kwa miguu? Si tuliambiwa miguu imegoma?"

"Miguu ilikuwa mizima siku zote," mama alijibu, akaketi. "Muulize huyu."