Koti la Njano la Yunusu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatatu ya pili ya Machi, mvua ilikuwa ikinyesha Ngara mjini na hakukuwa na bodaboda hata mmoja kijiweni. Pikipiki zilikuwepo, zimepangwa kando ya stendi, viti vimefunikwa mifuko ya nailoni. Wenyewe walikuwa wamejibanza ndani ya mgahawa, kila mtu na kikombe chake, wakitazama barabara inavyogeuka mfereji.

Kuluthumu alisimama barazani pa mgahawa huo. Alivaa gauni la bluu iliyokoza, mtandio mweusi uliobanwa kwa pini, na mabuti ya mpira. Viatu vya kazini alivibana kwapani ndani ya mfuko. Alikuwa amehamishwa kutoka Kahama kurudi kwao Ngara, kufundisha sekondari Bukiriro, na siku hiyo ndiyo alikuwa anaripoti. Somo lake lilikuwa fizikia. Jinsi tairi linavyoshika udongo mkavu, na linavyoshindwa kushika udongo uliolowa, ni jambo alilokuwa akiliandika ubaoni kwa namba. Namba hizo ndizo zilizomtia hofu.

"Jamani, hakuna anayekwenda Bukiriro?"

"Mwarimu, mvua hii haina adabu," alijibu kijana mwembamba aliyekaa karibu na mlango, jina lake Felisiani.

"Umejuaje kama mimi mwalimu?"

"Viatu kwenye mfuko. Ni mwarimu au nesi, na nesi angeshatutukana."

Mgahawa mzima ulicheka. Felisiani alimgeukia mwenzake aliyekuwa akifunga vifungo vya koti refu la mvua, la njano, lenye kiraka cheusi begani. "Mchukue huyu, Yunusu. Huyu samaki, mvua kwake ni nyumbani."

Yunusu alitoka nje. "Shikamoo, mwalimu."

"Shikamoo ya nini? Mimi mzee?"

"Nakukinga na hawa. Wakiona nakuamkia, watakuogopa."

Alichuchumaa kwenye tairi la nyuma, akabonyeza valvu kwa ncha ya ufunguo, upepo ukalia.

"Mbona unatoa upepo?"

"Likijaa sana linateleza. Sasa sikiliza. Nikilala kushoto, lala kushoto. Ukiogopa, nishike. Ukiogopa sana, funga macho, lakini usitikisike. Haya, ingia ndani ya koti."

Kuluthumu alipanda, akajifunika upande wa nyuma wa koti hilo. Kuanzia hapo hakuona kitu. Alisikia matone juu ya kichwa chake, alinusa petroli na sabuni ya kufulia, na kila tairi lilipohama nusu shubiri aliukaza mkono. Bondeni, mahali ambapo barabara hukatiza mto juu ya zege, pikipiki ilisimama. Alichungulia. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita juu ya kivuko.

"Tunavuka?"

"Bado. Yale mawe ya ukingoni yakionekana, tutavuka."

Walisubiri, injini imezimwa. Mawe yalionekana. Walivuka.

Getini pa shule Yunusu alijishika ubavu. "Mwalimu, mbavu umevunja ngapi?"

"Nitakulipia hospitali. Na wewe unarudi peke yako kwenye maji yale?"

"Nikishavuka nitakubipu. Usipokee, salio langu ni la maziwa ya mtoto."

"Una mtoto?"

"Sina. Nilitaka nione kama utauliza."

Kipindi cha kwanza simu ilitetemeka mfukoni mwake mara moja, ikakatika. Wanafunzi walimwona mwalimu mgeni akitabasamu mbele ya ubao mtupu.

Ikawa desturi. Kila siku ya mvua Yunusu alimpeleka Kuluthumu, kisha akarudi, na akishavuka alibipu. Baina ya geti na bipu hiyo Kuluthumu alifundisha huku nusu ya akili yake iko mtoni. Mvua zilipokata na vumbi likaanza, Yunusu aliendelea kubipu ingawa hakukuwa na maji ya kuvuka.

"Mto umekauka, unanibipu ya nini?" alimuuliza kwa simu.

"Kuna vumbi, mpenzi. Nalo linazamisha."

"Muongo wewe."

"Muongo wako."

Walikuwa wamependana; kikwazo cha kuoana kilikuwa kimoja na kilikuwa nyumbani. Familia ya Kuluthumu ilikuwa ya wafanyabiashara. Babu yao alitoka pwani na mzigo wa vitambaa, akajenga Ngara. Kaka yake, Hatibu, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na pikipiki kadhaa alizowakabidhi vijana. Pikipiki ya Yunusu ilikuwa mojawapo. Hatibu alikuwa na sharti moja, na alilirudia kwa kila dereva.

"Pikipiki nimempa mtu, sikuwapa kijiwe. Nikimkuta deiwaka juu yake, naichukua siku hiyo hiyo."

Deiwaka ni dereva wa kushika zamu ya mwenzake aliyechoka, anayeumwa au mwenye safari. Mjini kila kijiwe kina madeiwaka, na matajiri wa pikipiki hawawataki.

Mama alikuwa na sharti lake pia. "Kijana ni Mwislamu mwenzetu, watu wa Biharamulo, wakulima, sina neno nao," alimwambia Kuluthumu alipodokezwa. "Neno langu ni pikipiki. Sitaki kukulea mjane."

Mvua zilirudi Oktoba. Ijumaa moja ya Novemba, Yunusu alipiga simu na safari hii hakukata.

"Baba anaumwa. Kesho alfajiri naenda Biharamulo."

"Pole, mpenzi. Na pikipiki?"

"Ipo."

Kesho yake, Jumamosi, mvua ikinyesha, Kuluthumu alikuwa dukani kwa kaka yake akipima misumari. Pikipiki ilipita mbele ya duka kuelekea njia ya Mabawe. Aliliona koti la njano lenye kiraka begani. Aliiona helmeti nyekundu ya Yunusu, kioo kimeshushwa. Na ndani ya koti, mahali pake yeye, aliona mwanamke: pindo la kitenge chenye maua ya bluu, na mikono miwili iliyozunguka kiuno cha dereva.

Hatibu aliinua macho. "Yunusu huyo. Mvua yote hii yupo kazini. Angekuwa kila mtu hivyo!"

Kuluthumu alirudia kupima misumari ile ile. Alipiga simu ya Yunusu, haikupatikana. Jioni Yunusu alipiga mwenyewe.

"Mpenzi, huku mtandao wa shida, nimepanda kilimani ndio—"

"Uko wapi?"

"Biharamulo. Nimekwambia."

"Pikipiki yako iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi, Yunusu? Mimi leo nimeiona. Nimeona koti, nimeona helmeti, nimeona na aliyekuwa ndani ya koti."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Nikirudi nitakueleza."

"Nieleze sasa."

"Sasa siwezi. Kaka yako—"

"Usimtaje kaka yangu! Kaka yangu ndiye amekufundisha kubeba wanawake?"

"Kuluthumu, mama, nisikilize."

"Usinibipu tena. Umesikia? Usinibipu, usinipigie. Sitaki kujua umevuka au hukuvuka."

"Sawa, mwalimu," alisema Yunusu. Hakupiga tena.

Jumapili ilipita, na Jumatatu. Kuluthumu alikwenda shule kwa gari la mwalimu mwenzake. Mvua ilipiga bati la darasa hadi sauti yake ikamezwa, akawapa wanafunzi mazoezi. Simu ilikuwa mfukoni na haikutetemeka. Sasa ukimya huo haukuwa na maana yoyote aliyoweza kuisoma: haukusema kwamba Yunusu amezama, wala kwamba amevuka. Ulisema tu kwamba ametii.

Jumanne ilikuwa siku ya mnada na wanafunzi waliruhusiwa mapema. Kuluthumu alikuwa amesharudi mjini, yupo dukani, mtu alipoingia na maji yakimchuruzika. "Bosi Hatibu, pikipiki yako imechukuliwa na maji kule kivukoni. Ya Yunusu. Pikipiki imekwama kwenye mawe, mtu haonekani."

Hatibu alichukua ufunguo wa pikapu. Alipofungua mlango, Kuluthumu alikuwa amekwisha kukaa ndani.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Endesha, kaka."

Hatibu alimtazama, akaelewa, akaendesha. Njia nzima Kuluthumu alipiga namba ile ile na sauti ya mashine ilimjibu kwamba haipatikani. Alijilazimisha kupima alichokijua. Pikipiki ni yake. Simu haipatikani. Tangu Jumamosi hakuna aliyesikia sauti yake. Alitafuta jambo moja lililoelekea upande mwingine, hakulipata.

Mto ulikuwa umevimba na kuchukua kingo zote mbili. Watu walisimama kwenye majani, wanaume wanne wakiwa na kamba, wakitembea taratibu kufuata maji. Mita chache kutoka ukingoni alisimama mwanamke peke yake, mvua ikimpiga kichwani. Kitenge chake kilikuwa na maua ya bluu. Kilichokuwa kimefichwa na koti siku ile sasa kilionekana: tumbo la miezi ya mwisho.

*Mjamzito,* aliwaza Kuluthumu. Hasira ilimpanda ndani ya hofu, vyote viwili kwa pamoja.

"Wewe ni nani wake?" bibi mmoja alimuuliza yule mwanamke.

Mwanamke alifungua mdomo. Kisha alimwona Hatibu, akaufunga.

"Hapa! Kwenye matete!" sauti ilipigwa upande wa chini.

Waliona njano kwanza. Wanaume waliingia maji ya kiuno, wakavuta, na maji yakavuta upande wake. Mwishowe walimlaza kwenye majani, kifudifudi, kiraka cheusi kikielekea juu. Hatibu alisema, "Innalillahi." Kuluthumu alisogea. Mmoja wa wale wanaume alimgeuza marehemu, akafungua mkanda wa kidevuni na kuvua helmeti.

"Mbona siyo Yunusu?" alisema. "Huyu Felisiani!"

"Siyo yeye," alisema Kuluthumu. "Siyo yeye. Alhamdulillahi!"

Alilisema kwa sauti, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa akiongea, lilisikika hadi ng'ambo. Pembeni yake yule mwanamke wa kitenge cha bluu alikaa chini kwenye matope, polepole, kama mtu anayetafuta kiti. Hakulia. Alishika kisigino cha buti la mumewe.

Jina lake lilikuwa Suzan. Alieleza yote kabla giza halijaingia, akimtazama Hatibu bila kumwogopa tena. Yunusu alipokwenda kumuuguza baba yake, alimwachia Felisiani pikipiki ili naye apate riziki. Alimpa na koti na helmeti, na kumwambia ashushe kioo, ili tajiri akimwona kutoka barazani aone dereva wake. Jumamosi Felisiani alikuwa anampeleka mkewe kwao Mabawe kupumzika. Jumanne alimrudisha mjini kwa ajili ya kliniki, kisha akapata abiria wa Bukiriro. Abiria alifika. Felisiani alikuwa anarudi peke yake.

Hatibu alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. Hakusema neno juu ya sharti lake.

Yunusu aliteremka kwenye basi la Biharamulo Jumatano mchana na kwenda moja kwa moja Mabawe, msibani. Alichimba kaburi pamoja na vijana wa kijiweni. Baada ya mazishi, Kuluthumu alimkuta nyuma ya nyumba, ananawa udongo kwenye ndoo.

"Nilimwambia avae koti langu," alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Sikumwambia asubiri mawe yaonekane. Nilidhani anajua."

"Alijua. Suzan anasema alikuwa anawahi kumchukua kliniki."

"Ningekwambia Jumamosi ile—"

"Ungeniambia, ningekaa kimya kwa kaka. Maji yangekuwa yale yale. Yunusu, nilisema alhamdulillahi. Mkewe yupo pembeni yangu, nikasema alhamdulillahi."

Yunusu aligeuka. "Alisikia?"

"Alisikia. Nimemwomba radhi. Kasema angekuwa yeye ndiye mimi, naye angesema."

Ndani wanawake walianza wimbo wa kanisani, na mvua ikaanza tena, nyepesi.

"Unataka niache pikipiki?" aliuliza Yunusu.

"Ukiacha utafanya nini?"

"Sijui."

"Basi usiniulize hilo. Niulize lingine."

Alijifuta mikono kwenye suruali, kila mkono mara mbili. "Mwalimu, utakubali nikuoe?"

"Mlete mzee."

"Hana nguvu ya safari."

"Akiipata."

Mzee Malongo, baba yake Yunusu, aliipata nguvu hiyo Januari. Alikuja na mdogo wake, wote wawili wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wakaketi sebuleni kwa kina Kuluthumu. Nje kulikuwa kunanyesha. Hatibu aliwakaribisha, Mama aliuliza swali moja tu.

"Mwanao ataendelea na pikipiki?"

"Ataendelea, dada yangu. Mimi sina shamba la kumtosha."

Mama aliinuka, akamfuata binti yake jikoni. Kuluthumu alikuwa ameshika sinia la chai, na vikombe vilikuwa vinagongana.

"Utaweza?" aliuliza Mama. "Kila mvua?"

"Siwezi, mama. Lakini nimemkubali."

Mama alimpokea sinia, akalishika hadi vikombe vikatulia. Alirudi nalo sebuleni, akaliweka mezani mbele ya mzee Malongo, akaketi, akajifunika kanga vizuri. Kisha alipokea posa.